Rannu wa Kuandika na Rannu wa Kusema

Tenri ni mtoto wa kaka yangu. Tangu mumewe Rusdin aondoke kwenda Tawau, Malaysia, kufanya kazi kwenye mashamba ya michikichi, anaishi kwangu hapa Parepare. Asubuhi anafundisha chekechea, na jioni anasoma shahada ya ualimu kwa mtandao, kwa kuwa mkuu wake wa shule alishamwambia wazi kwamba bila shahada atabaki mwalimu msaidizi mpaka meno yamtoke. Nyumba yangu ni ya mbao. Mimi nashona chumba cha mbele, yeye husoma nyuma ya kabati la vitambaa, kwa hiyo masomo yake nayasikia yote, nitake nisitake. Makuzi ya mtoto sasa nayajua karibu kama ninavyojua kupinda kola.

Muhula ule chuo kiliwagawa katika makundi ya watu wanne. Hakuna aliyemchagua mwenzake. Mashine ndiyo iliyopanga. Tenri akafanywa mwenyekiti. Mwenzake wa kwanza alikuwa Irfandi, mwalimu wa shule ya msingi huko Kolaka, kijana mwenye ulimi wa pilipili. Wa pili Wulan wa Poso, ambaye kila mkiandika jambo huweka picha ya kidole gumba na kunyamaza. Miezi ikapita hatujui hata sauti yake ikoje. Na wa tatu Rannu wa Palopo, naye alikuwa mwalimu wa watoto wadogo.

Huyo Rannu ndiye aliyelifanya kundi lichangamke. Tenri alikuwa akinisomea maandishi yao huku nikitia uzi. Kazi yao ilihusu namna mtoto anavyojifunza lugha, na Irfandi alikuwa ameandika kwamba mtoto hujifunza kwa kusikia wakubwa wakisema, basi.

Rannu akamwandikia: "Kaka Irfandi, mtoto hujifunza lugha kwa sababu anataka kitu na yupo wa kumwomba. Masikio ni mlango mmoja tu wa nyumba."

"Nyumba gani hiyo yenye milango mingi? Ya mbunge?"

"Ya kwako ina mmoja na umeufunga. Ndiyo maana hoja zinagonga na kurudi."

Tenri alicheka mpaka akaegemea kabati. Aliniambia, "Shangazi, huyu ningependa awe jirani yangu."

Lakini Jumapili, wanapokutana kwa sauti, Rannu alikuwa mtu mwingine. Kamera yake haikuwashwa hata siku moja. Alisema mtandao wa kwao ni dhaifu. Sauti yake ilikuwa laini, ya pole, inakwenda kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Ukimuuliza swali anakawia. Ukimtania haelewi. Siku moja Irfandi alimwambia, "Haya dada Rannu, ile milango yako, hebu tufungulie tuingie."

Tukasikia vidole vikigonga vibonye.

"Milango," ile sauti ikasema. "Ndiyo. Subiri kidogo, kaka."

Kisha ikatoa jibu zuri kabisa, lililonyooka, lakini lilisemwa kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba wa watu asiowajua.

Kikao kilipokwisha Tenri alichungulia kando ya kabati akanitazama. "Ni aibu tu," alisema. "Wapo watu mdomo wao uko kwenye kalamu." Nikaona ni maneno ya busara, nikaendelea na kazi yangu.

Jumapili nyingine mvua iliipiga Kolaka, Irfandi akakatika katikati ya sentensi. Wulan naye alishatoka, kama kawaida yake. Wakabaki Tenri na Rannu. Nilimsikia Tenri akisema kwamba basi nao waage. Ile sauti ikamuuliza, "Dada, uko sawa? Leo umesema kama mtu mwenye mafua."

Nadhani ni lile swali lililomfungua. Sisi wengine hatukuwa tumemuuliza. Tenri akaanza kusema, na mimi nikiwa na sindano mkononi ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba Rusdin ameoa Tawau. Mke ana mimba. Aliyemletea habari ni binamu yake Rusdin, tena kwa ujumbe wa simu, baina ya salamu na picha ya mbuzi anayeuzwa.

Ile sauti haikumkatiza. Alipomaliza ikasema, "Dada, hata mimi. Mchumba wangu alikwenda Morowali, mgodini, akaoa hukohuko. Nguo yangu ya harusi ilikuwa imeshakatwa, bado kushonwa tu."

Wakalia pamoja, mmoja Parepare na mwingine Palopo. Mimi sikupiga cherehani mpaka walipomaliza.

Jumanne yake, kwenye maandishi ya kundi, Tenri alisema wamalize mapema kwa kuwa amechoka. Rannu akaandika papo hapo: "Mwenyekiti amechoka kumngoja mume. Mwambie akirudi atubebee biskuti za Malaysia, na asizile zote forodhani."

Irfandi akaongeza zake. Wulan akaweka kidole gumba.

Tenri alikuja mbele akakaa juu ya rundo la vitambaa vya mteja, jambo ambalo hafanyi kamwe. "Shangazi," alisema, "mtu anaweza kulia na wewe Jumapili, halafu Jumanne akakucheka mbele za watu?"

"Watu wa hivyo wapo."

"Huyu hayuko hivyo."

"Basi muulize mwenyewe."

Akamwandikia Rannu faraghani, na mimi nilimwona akifuta na kuandika tena. Mwisho akatuma hivi: "Yale tuliyosema Jumapili yalikuwa yetu wawili. Mimi siwezi kukutania juu ya nguo ya harusi iliyokatwa. Kwa nini wewe unanitania?"

Jibu likaja haraka: "Nguo ya harusi gani?"

Kisha, baada ya muda: "Samahani dada. Sikukusudia ubaya. Nisamehe."

Tenri alinipa simu nisome mwenyewe. Nilisoma mara ya kwanza, nikasoma ya pili. Anayesema nguo gani ina maana hakumbuki. Anayeomba radhi ina maana anakumbuka. Nilimrudishia simu nikamwambia mimi ni mshonaji.

Tangu siku hiyo Tenri akawa hana raha. Akiandikiwa na Rannu anacheka, kisha anajikuta anakasirika kwa kuwa amecheka. Akiisikia sauti yake Jumapili moyo unalainika, kisha anakumbuka biskuti. Akaanza kuwaita Rannu wa kuandika na Rannu wa kusema, kama majirani wawili wasiosalimiana.

Irfandi ndiye aliyelitamka jambo. Alimpigia Tenri jioni moja, na yeye akizungumza hata aliye barabarani anasikia.

"Bi mwenyekiti, huyu Rannu ana mamluki."

"Mamluki vipi?"

"Amelipa mtu. Ama anayeandika si yeye, ama anayesema si yeye. Umeona tunavyomuuliza? Anakawia, halafu anasoma. Mtu hasomi mawazo yake mwenyewe kama gazeti la juzi."

"Labda ana haya."

"Mwenye haya hawezi kuniambia kichwa changu kina mlango mmoja. Sasa sikiliza. Siku ya kuwasilisha, mhadhiri ametaka kamera zote ziwashwe. Tukikutwa na mamluki kundini, sifuri si yake peke yake, ni yetu wote. Mimi nina watoto wawili na mkuu wa shule anayenichukia. Mwandikie mhadhiri, au nitaandika mimi."

"Nipe mpaka nirudi safari."

"Safari ya wapi?"

Tenri akasita. "Palopo. Kuna harusi."

Harusi ilikuwepo kweli. Binti wa mteja wangu wa zamani alikuwa anaolewa, na mimi ndiye niliyemshonea. Tenri hakuwa amepanga kwenda. Alifunga mkoba akijibu simu ileile.

Njiani hakusema sana. Tulipofika alimwandikia Rannu kwamba yuko mjini na angependa kumwona. Hakujibiwa. Tukala harusi, tukapiga picha, Tenri akitazama simu kama mama anayetazama chungu cha maziwa. Kesho yake adhuhuri ndipo jibu lilipokuja, nalo lilikuwa maelezo tu ya nyumba: nyuma ya kanisa, ukuta wa kijani, njooni mle chakula.

Aliyefungua mlango alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani. "Karibuni," alisema, na mimi nikaitambua ile sauti kabla hajamaliza neno. Tenri akamkumbatia palepale mlangoni.

"Rannu."

Msichana hakumkumbatia. Alisimama na mikono chini, kisha akasema polepole, kama kawaida yake, "Dada Tenri, mimi si Rannu. Mimi naitwa Ludia. Rannu ni dada yangu. Yuko jikoni."

Tenri alinigeukia kana kwamba mimi ndiye ninayejua.

Akatoka jikoni mwanamke mnene kidogo, mchangamfu wa uso, viganja vyeupe kwa uji wa sago. Alitutazama mmoja mmoja usoni, akaona kwamba jambo limeshasemwa. Akajifuta mikono kwenye kanga ya jikoni, akamsogelea Tenri na kusema kwa sauti nzito, isiyopanda wala kushuka, "Mwe-nye-kiti." Kisha akaonyesha sikio lake na kutikisa kichwa.

"Ni kiziwi," Ludia akasema. "Tangu homa ya utotoni. Anafundisha watoto viziwi wenzake."

Walitukalisha chini, wakaleta kapurung, madonge ya sago ndani ya mchuzi, na samaki, na kwa muda tukala tu, kwa kuwa mtu akiwa na bakuli mkononi halazimiki kusema. Madonge ya sago yanateleza. Tenri alikuwa akiyakosa kila mara. Rannu alimtazama, akamwambia Ludia kitu kwa mikono. Ludia akatabasamu.

"Anasema watu wa Parepare hawajui kula."

"Mwambie—" Tenri akaanza kumwambia Ludia, akaacha. Akamgeukia Rannu. Akamgeukia Ludia tena. "Namwambia nani? Namtazama nani?"

"Mtazame yeye. Mimi nitasikia."

Basi Tenri akamtazama Rannu. "Kwa nini hukutuambia?"

Rannu alianza kujibu kwa mikono, kisha akachukua simu akaandika, kwa kuwa alitaka maneno yawe yake mwenyewe. Tenri aliyasoma kwa sauti ili na mimi nisikie.

"Muhula wa kwanza niliwaambia wenzangu siku ya kwanza. Walikuwa wema sana. Wakanipa kazi ya kutengeneza jalada la ripoti. Jalada tu, kazi zote. Nikitoa hoja wananiambia hongera. Hakuna aliyenibishia muhula mzima. Nikaona afadhali niseme uongo mmoja nibishiwe kama watu."

"Sasa kwenye vikao?"

Hapo alieleza Ludia. Walikuwa wakikaa ubavu kwa ubavu. Ludia anasikiliza, anamwonyesha dada yake kwa mikono yanayosemwa, dada anaandika jibu, Ludia anasoma. Vichekesho vya Irfandi vilikuwa vikiharibikia njiani. Vikifika kwenye mikono vimeshapoa.

Tenri alikuwa ametua bakuli. "Na ile Jumapili ya mvua?"

Ludia akashusha macho. "Kikao kilichelewa kwisha. Rannu alikuwa ameshatoka kwenda ibadani. Aliniambia nisikilize tu mpaka mwisho."

"Kwa hiyo nilikuwa na wewe."

"Ulikuwa na mimi."

"Na yule mchumba wa Morowali?"

"Ni wangu. Nilisema kwa jina la Rannu, lakini ni wangu. Nguo bado iko pale kabatini, vipande."

"Hukumwambia dada yako?"

"Lako halikuwa langu kulisema. Aliponiuliza nguo gani ya harusi unayoitaja, nikajua nimekuharibia. Nikamwambia aombe radhi tu, asiulize."

Rannu alikuwa akitazama midomo yao, huyu, kisha yule. Akampiga Ludia begani, akauliza kwa mikono. Ludia akatikisa kichwa. Akauliza tena kwa nguvu zaidi. Ludia akakataa tena. Sijapata kuona watu wakigombana kimya namna ile, samaki akipoa katikati yao. Mwisho Rannu akaandika, akamgeuzia Tenri simu: "Ludia anajua jambo lako ambalo mimi silijui. Sitakuuliza. Lakini ujue linaniuma."

Tenri alisoma, akasimama, akasema anakwenda kunawa. Alikaa huko muda mrefu.

Ndani ya basi aliniambia, "Shangazi, sijui nimkasirikie nani. Aliyenicheka hakujua. Aliyejua hakunicheka. Nimpende nani?"

"Mbona umeshawapenda wote wawili?"

"Ndiyo, lakini nilidhani ni mmoja."

Alipofika nyumbani alimpigia Irfandi, akamweleza yote kwa idhini ya Rannu. Kisha Irfandi akasema, "Nilimwambia ana masikio ya mapambo."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Kwenye ile hoja ya pili. Akaniwekea picha ya kucheka." Akakata simu.

Rannu mwenyewe ndiye aliyemwandikia mhadhiri na kumweleza yote. Siku ya kuwasilisha walikuwa wote kwenye kioo, hata Wulan, ambaye tulimwona kumbe ni mama wa makamo mwenye mtoto mgongoni. Rannu alisema sehemu yake kwa mikono, Ludia kando yake akiitafsiri, na safari hii ile sauti haikusoma. Ilikwenda na mikono, ikapanda, ikashuka, mahali fulani ikacheka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Tenri na futi yangu shingoni. Ilipofika zamu ya Irfandi, alikuwa bado anatazama. Mhadhiri akamwita mara mbili.

Walifaulu vizuri. Ila mambo hayakurudi yalivyokuwa. Irfandi alianza kuandika kwa adabu ya kutisha: "Asante sana dada Rannu kwa mchango wako mzuri." Rannu akamtumia Tenri: "Amekufa yule. Tumzike." Na baadaye: "Unaona sasa? Ndicho nilichokuwa nakikimbia."

Tenri akampigia Irfandi.

"Sijui nimwandikie vipi, bi mwenyekiti," alisema. "Nikimwita mbishi nitaonekanaje?"

"Utaonekana Irfandi."

"Kila nikiandika neno nalitazama. Kusikia. Sikiliza. Sikia bwana. Sikujua lugha yote imejaa masikio."

Ilichukua muda, mpaka walipoanza kujiandaa kwa mtihani. Rannu alitoa jibu la swali moja, nadhani lilikuwa kosa, na Irfandi akavumilia, akavumilia, kisha akaandika kwamba jibu hilo hata watoto wake wa darasa la pili wangelikataa. Wakabishana kutwa nzima. Wulan akaandika sentensi yake ya kwanza tangu tumjue: "Jamani, wengine tuko sokoni, simu inalia kama jogoo."

Tenri yeye alibaki na lake. Alikuwa akizungumza na Ludia kwa simu, na kuandikiana na Rannu, na mara nyingi nilimsikia akikatiza maneno katikati, akijiuliza hili amemwambia nani, na nani bado. Jioni moja alikuja akakaa mbele ya cherehani.

"Shangazi, Rusdin ameoa."

"Najua."

"Umeambiwa na nani?"

"Na kabati."

Alinitazama, nikadhani atakasirika. Aliinamisha kichwa kwenye meza ya cherehani, kati ya mikasi na chaki, nikamwekea mkono kisogoni. Alipoinuka alichukua simu akamwandikia Rannu, safari hii bila kufuta. Tukakaa tukitazama. Kioo kikaonyesha kwamba Rannu anaandika. Kikaacha. Kikaonyesha tena. Mtu mwepesi wa maneno kama yule, na alikawia hata nikapata muda wa kuteleka chai.

Mwisho likaja hili: "Sijui niseme nini. Nikijua nitakuandikia."

"Hili ni jibu zuri au baya?" Tenri aliniuliza.

Nikammiminia chai.

Asubuhi yake, Tenri akiwa anajitayarisha kwenda chekechea, Ludia akapiga. Tenri aliweka simu mezani na kuifungulia sauti huku akifunga mtandio. "Dada," Ludia alisema kwa uchovu, "tangu jana ananiuliza mtu aliyeachwa huambiwa nini. Hajalala na mimi hajaniacha nilale. Mimi mwenyewe sikumbuki niliambiwa nini wakati ule. Wewe unataka uambiwe nini?"

Tenri alisimama na pini mdomoni. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na mimi ninayeishi naye sikuweza kujua kama anacheka au analia.